Udongo wa eka tatu unapasuka, mchele umeota ukungu na bibi amekasirika: nifanyeje?

"Asalaam aleikum mwalimu. Mimi msichana wa Pemba, kwetu Konde. Nachora, na tangu mwaka jana nimeacha rangi za dukani natumia vitu vya shamba mana nataka kazi zangu zizungumzie kilimo na chakula chetu. Nilichimba udongo mwekundu kwenye eka tatu ya marehemu babu nikaukoroga na maji na gundi nyeupe ya seremala, nikapaka kwenye kanvasi. Ulipokauka ukapasuka wote, sasa unabanduka vipande. Nikaongeza gundi ikawa mbaya zaidi. Jua nililipaka kwa manjano ya jikoni, limefifia. Ubao mwengine nilibandika mchele na karafuu, karafuu ziko sawa lakini mchele umeota ukungu na wametoka fukusi. Nimepewa nafasi ya kuonesha mjini Unguja mwezi wa nne. Kuna vanishi ya kupaka juu visiharibike? Na nikipulizia dawa ya wadudu? Kilichonivunja moyo zaidi ni bibi yangu, kaona ule mchele akasema nachezea neema ya Mungu, tangu siku hiyo hataki hata kuingia chumba ninachofanyia kazi. Niendelee au nirudi kwenye rangi za kopo?"

Waaleikum salaam mwanangu. Endelea.

Umeuliza mengi kwa pamoja lakini wasiwasi wako khasa naona ni mmoja, unaogopa kwamba vitu vya shamba havifai kwa sanaa, mana vinapasuka, vinafifia, vinaota ukungu na juu ya yote vimemuudhi bibi. Vinafaa sana. Ila kila kimoja kina tabia yake na wewe umevitumia vyote kama rangi ya kopo, ndo vikakukatalia. Na mtu wa kukufundisha nusu ya hizo tabia unaye hapo hapo nyumbani, ndiye huyo aliyekununia, nitamrudia.

Nianze na vanishi mana hiyo ndiyo inayopoteza wengi. Hakuna vanishi inayozuia kila kitu kisiharibike. Vanishi ni ngozi ya juu tu. Ukiipaka juu ya mchele wenye unyevu umeufungia unyevu ndani pamoja na ukungu wenyewe, ukiipaka juu ya udongo usioshika vizuri itakauka, itavuta, na itaondoka na udongo wako. Na manjano haisaidiki kwa vanishi, nitakwambia kwa nini. Kwa hiyo hizo pesa za vanishi ziweke kwanza, nunua vipande vya plaiwudi.

Sasa udongo, na hapa tukae kidogo. Wekundu wa udongo wa kwenu unatokana na chuma, ni kutu iliyomo ndani ya udongo, na rangi hiyo haifi kwa jua. Michoro ya mapangoni kule Kondoa, bara, imepakwa rangi nyekundu ya namna hiyo hiyo, imeona miaka na miaka na bado inaonekana. Kwa hiyo rangi unayo tena ya kudumu kuliko nyingi za dukani. Tatizo liko kwenye chembe. Ndani ya udongo kuna mchanga, kuna vumbi la kati, halafu kuna mfinyanzi ambao chembe yake moja haifiki milimita 0.002. Chembe hizo za mfinyanzi ni bapa, zikipata maji zinayanyonya zinavimba, maji yakitoka zinasogeleana na tabaka zima linasinyaa. Ukipaka nene, juu kunakauka mwanzo kunataka kujikunja, chini bado kumeshika kanvasi, panavutana mpaka panaachia. Na kanvasi yenyewe haitulii, hewa ikiwa na unyevu inalegea, ikikauka inakaza, udongo mkavu haupindi hata kidogo. Gundi nayo ina maji, ikikauka inasinyaa vile vile, tena inavuta kwa nguvu zaidi, ndo mana ulipoiongeza mambo yakaharibika zaidi. Watu wengi wanadhani kupasuka ni upungufu wa gundi. Upungufu wa gundi dalili yake ni nyengine kabisa, rangi inabaki kama unga, ukipitisha kidole kinatoka chekundu.

Kabla hujapaka tena ujue una udongo gani. Chukua chupa safi ya maji ya plastiki, tia udongo robo yake, jaza maji, tikisa khasa, weka mahali usiiguse. Mchanga unashuka kama dakika moja hivi, vumbi linafuata kwa saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kuelea siku nzima au zaidi na maji yakabaki mekundu. Ukishatua wote utaona matabaka, na tabaka la juu likiwa nene sana hapo ndo penye mpasuko wako. Wakulima wetu hawana haja ya chupa, watakwambia huu kinongo, huu mchanga, huu kinamo, huko uwanda wa mawe hata jembe halizami. Kinamo, ule wa mabondeni unaonata kwenye jembe mpaka unaubandua kwa kijiti, ndio utakaokupasukia kuliko wote. Kinongo una huruma zaidi.

Ukitaka kupata rangi kutoka kwenye udongo, uoshe. Ndoo mbili: koroga udongo na maji mengi kwenye ndoo ya kwanza, subiri kama dakika moja mchanga ushuke, mimina yale maji mekundu ya juu kwenye ndoo ya pili, ya chini uyaache. Rudia. Ndoo ya pili ifunike iache itulie mpaka maji yawe meupe juu, yamwage polepole, tope lililobaki lianike kwenye sinia kivulini. Likikauka lisage kwa jiwe au kwenye kinu kidogo usichotumia kwa chakula, chekecha kwa mtandio wa zamani. Vaa barakoa wakati wa kusaga, vumbi hilo kifuani si la kuchezea. Kama udongo umetoka karibu na pwani rudia kuosha kwa maji ya mvua, mana chumvi ikibaki itavuta unyevu na baadaye utaona weupe weupe unatokeza juu ya mchoro, na visima vingi vya pwani maji yake yenyewe yana chumvi kwa hiyo usioshee hayo.

Utapata unga laini kuliko ulivyotarajia. Huo ndo unachanganya na gundi, anza na gundi sehemu moja kwa maji sehemu tatu, tia unga mpaka upate kitu kama uji mwepesi, paka tabaka nyembamba sana kiasi cha kuona ubao kwa chini, liache likauke kabisa ndo upake jengine. Na upake kwenye plaiwudi, achana na kanvasi kwa kazi hizi. Plaiwudi ipige msasa, ipake gundi iliyozimuliwa, na ikiwa bado mbichi nyunyizia mchanga mwembamba ili rangi ipate pa kushika. Tengeneza vipande vidogo vya majaribio, kila kimoja na kiasi chake cha gundi, uandike nyuma kwa penseli. Kinachoacha unga kidoleni kimekosa gundi, kinachong'aa na kupasuka kimezidi, cha katikati ndicho chako. Mimi siwezi kukupa kipimo kamili kutoka huku mana sijaushika udongo wako, na atakayekupa kipimo cha moja kwa moja bila kuuona anabahatisha.

Lakini labda wewe unataka udongo mnene unaoonekana ni ardhi, hutaki rangi tu. Inawezekana, ila hapo acha mambo ya wachoraji nenda kwa waliokandika nyumba za fito na udongo. Ukuta ule haushiki kwa udongo mtupu, una mchanga na una nyuzi. Kwa udongo wa kinamo jaribu mchanga sehemu tatu kwa udongo mmoja, kwa kinongo punguza mchanga, halafu tia usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, uliokatwa vipande vya urefu wa kidole. Usumba kwa kazi hii ni mzuri mno, makumbi yenyewe yameshafukiwa pwani miezi, kilicholaini kimeoza kimeondoka, zimebaki nyuzi ngumu tupu ambazo haziozi ovyo. Zinashikana ndani ya udongo na ufa ukianza unakutana na uzi unaishia hapo. Na ukitaka nyufa zenyewe, kama shamba lililokauka wakati wa kaskazi, hazina ubaya, ufa na kubanduka ni vitu viwili. Gundisha kwanza kipande cha gunia kwenye ubao halafu udongo juu yake, utapasuka unavyotaka lakini kila kipande kitakuwa kimeshikwa.

Ile kanvasi iliyoharibika, sehemu zinazoning'inia zipitishie chini gundi iliyozimuliwa kwa brashi nyembamba uzibonyeze taratibu. Ikiwa zaidi ya nusu imeshaachia, iache.

Manjano haina mjadala mrefu. Rangi yake inavunjwa na mwanga, si jua la nje tu, hata mwanga wa dirishani, na hakuna kitu cha kupaka juu kitakachoirudisha. Ukitaka jua la kudumu tafuta udongo wa njano, nao ni chuma vile vile ila wa aina nyengine, na ukiukaanga kwenye kigae juu ya makaa unageuka mwekundu, kwa hiyo kutoka shimo moja unapata rangi mbili. Manjano ibakize pale unapotaka mtazamaji aone kitu kinavyoondoka, ziba nusu kwa ubao na nusu iache wazi, siku ya mwisho ya maonesho ubao uondoke. Na ujue ikigusana na chokaa inageuka nyekundu, usije ukashangaa ukiipaka kwenye ukuta wa Mji Mkongwe. Ukihitaji rangi ya kijivu cheusi chemsha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yana tanini, changanya na maji ya siki yaliyolala na misumari yenye kutu. Wengine watakwambia magome ya mikoko yanatoa rangi nzito, ni kweli, lakini usibandue gome la mti uliosimama, na Ngezi hapo jirani yenu ni hifadhi, usiingie na panga.

Mchele sasa. Punje ya mchele inanyonya unyevu kutoka hewani hata kama hukuimwagia maji, na hewa yetu sehemu kubwa ya mwaka iko juu ya kile kiwango ambacho ukungu unaanza kuota, unyevu wa hewa wa asilimia 65 mpaka 70 hivi. Wanga, unyevu, joto na gundi ya maji juu yake, ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Fukusi nao hawakutoka chumbani kwako. Mama yao anatoboa punje anataga yai ndani anaziba, buu linakula kutoka ndani, kwa hiyo ulipobandika mchele ulibandika na wao, na dawa ya kupuliza nje haimfikii aliye ndani ya punje. Karafuu ziko salama mana zimekauka vizuri na mafuta yake ukungu hauyapendi. Tena mafuta hayo hayo yanayeyusha baadhi ya plastiki, usije ukagundisha karafuu kwenye yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea samaki, litalika.

Na hapa nisikilize vizuri. Usitumie kabisa vile vidonge vya kuhifadhia nafaka magunia, sijui kama ulivifikiria lakini wapo wanaoshauri. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, gesi hiyo inaua watu, na nyumbani kwenu wamelala watu. Dawa za kupuliza nazo kwenye chumba unachokaa kutwa na ambacho watu watakuja kuinamia kunusa karafuu, hapana. Kama unataka mchele udumu, uanike mpaka ukauke khasa, tia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa bila hewa, weka kwenye friza wiki mbili mfululizo, umeme ukikatika mpaka ukayeyuka uanze upya. Ukitoa usifungue mfuko mpaka baridi iishe ufikie joto la chumba, siku nzima, vinginevyo unaloa. Halafu uweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana uionyeshe hivyo hivyo, bila gundi. Ule wenye ukungu ufunge kwenye mfuko uutoe nje, vaa barakoa, usiufagie. Kama kwenu kuna mwenye pumu asiingie chumba hicho mpaka kimesafishwa, na ukiona kikohozi au kubanwa kifua baada ya kukaa nao nenda kituo cha afya, usingoje.

Bibi yako. Kaskazini Pemba mtu wa umri wake anajua mpunga ni nini, kapanda, kavuna, katwanga, kapepeta, na anajua mwaka ambao mvua haikuja. Mchele mwingi tunaokula visiwani unaletwa kwa meli kutoka nje, kwa hiyo kilo iliyoota ukungu ukutani yeye haoni sanaa, anaona kilo imepotea. Mimi nasimama na yeye kwa hilo. Si kwamba chakula hakiingii kwenye sanaa, kinaingia, lakini aliyefanya vizuri alikilipa chakula haki yake. Msanii Agnes Denes mwaka 1982 alipanda ngano eka mbili katikati ya New York, mahali ambapo ardhi ina thamani ya kutisha, karibu kabisa na majengo ya mabenki, akaitunza na mwezi wa nane akaivuna, zaidi ya kilo 450. Ilikuwa sanaa na ilikuwa mavuno. Ibrahim Mahama wa Ghana yeye hakuhitaji hata punje, anachukua magunia yaliyokwisha kubeba kakao, anawapa wafanyabiashara mapya achukue yaliyochakaa, anayashona anafunika nayo majumba mazima. Gunia lina alama, lina viraka, lina majina ya watu waliolibeba, linasema habari ya zao kuliko zao lenyewe.

Sasa angalia Pemba ulichonacho ambacho hakimnyimi mtu chakula. Magunia ya karafuu yaliyochakaa. Majamvi yaliyotoboka yaliyoanikiwa karafuu msimu baada ya msimu, yana harufu mpaka leo. Makonyo. Kumvi za mpunga, ambazo zina silika nyingi kwa hiyo haziozi upesi kama mchele na kwa jicho la karibu zina rangi ya dhahabu ambayo mchele mweupe hauna. Vifuu, usumba, makuti. Fanya kazi kwa hivyo, na mchele uwe kichupa kimoja tu kwenye maonesho nzima, utaonekana una uzito kuliko ubao mzima wa punje. Ukitaka chakula kingi kionekane basi kipikwe na kiliwe siku ya ufunguzi. Ila kilichogusana na gundi au rangi kisirudi jikoni, hata kuku usiwape.

Na nenda kwa bibi, si kumuelewesha, kumuuliza. Muulize mbegu ya mpunga ilikuwa inahifadhiwaje mpaka msimu mwengine bila friza. Atakwambia habari ya kukausha na ya kuweka juu ya jiko mahali moshi unapopita, na hilo ndo jibu la swali lako la fukusi, kakaa nalo miaka yote. Muulize udongo gani unaota muhogo mtamu na upi hauna kitu. Muulize na ile eka tatu walipewaje, mana baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iliichukua ardhi ikawagawia watu eka tatu tatu, na ardhi mpaka leo ni ya serikali, mwenye eka ana haki ya kuitumia, na juu ya ardhi hiyo hiyo mkarafuu unaweza kuwa na mwenyewe mwengine. Kwa mtu anayetaka kuzungumzia watu na ardhi hii ni habari nzito mno, na wewe umeichimba kwa jembe bila kuuliza. Babu ameshafariki, kuna wajomba na mashangazi, pata ridhaa yao. Usichimbe karibu na mikarafuu, mizizi yake ya kulia chakula iko juu juu, chukua kwenye shimo lililokwisha chimbwa, msingi au kisima, ndoo mbili tatu zinakutosha mwaka. Na ukitaka kurekodi sauti ya bibi, mpaka akubali mwenyewe, na akisema hili usiliweke, usiliweke.

La sheria nisilisahau. Karafuu ni zao la serikali, mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la taifa la Zanzibar, na kuisafirisha bila kibali unaweza kuchukuliwa kuwa umebeba magendo hata kama ni za kubandika ubaoni. Kabla ya kufika bandari ya Mkoani na ubao wako nenda ofisi ya ZSTC, waeleze ni kazi ya maonesho, uulize utaratibu, upewe karatasi. Makonyo nayo uliza kwa pamoja. Miche na vipando vya muhogo usivibebe kabisa, batobato, ule ugonjwa wa muhogo, inasafiri kwa vipando, ukitaka muhogo unaoota ndani ya maonesho tafuta vipando Unguja.

Mwezi wa nne ni masika yenyewe, ni wakati mbaya kuliko wote kwa kazi hizi na lazima uwe nalo akilini. Omba chumba chenye feni na madirisha ya pande mbili, usitundike ubao kwenye ukuta wa nje unaonyonya mvua, tia vipande vidogo vya mbao nyuma hewa ipite. Kwenye boti funga kazi kwa shuka kwanza, plastiki juu yake, na ukifika uitoe plastiki siku hiyo hiyo.

Ukitaka kujua udongo wako una nini khasa, chukua sampuli uzungumze na bibi shamba wa wilaya au watu wa ZARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Zanzibar iliyoko Kizimbani, Unguja, wao udongo ndo kazi yao. Kama kuna kazi unayoipenda sana na inabanduka, usiitengeneze kwa kubahatisha, ipeleke kwa watu wa makumbusho pale ngomeni Chake Chake uwaulize nani wa kukuonesha kwa mkono. Mimi ukishafanya vile vipande vya majaribio nipigie picha za karibu, mbele na nyuma, kiasi cha gundi kisomeke, na uniandikie pembeni ni udongo wa shimo gani.